Kabla ya kufunga koilova kwenye GTI yako hapa Dodoma

Siku nilipomwambia fundi wangu nataka kufunga koilova, zile shokapu za kushushia gari, aliitazama Golf GTI yangu, akaitazama IST iliyokuwa juu ya jeki ikiwekewa spesa, kisha akacheka. "Mkuu, wenzako wote mji huu wanapandisha, wewe unashusha. Kwani nyumbani unapita njia gani?"

Aliuliza kwa kejeli, lakini swali lile ndilo la kuanza nalo. Mimi nakaa upande wa Iyumbu. Lami ninayo karibu njia nzima, halafu mita mia sita za mwisho ni vumbi jekundu, na katikati yake kuna kijikorongo ambacho kila masika huchimbika upya. Kipande hicho kidogo ndicho kilichoamua kimo cha gari langu. Kwa hiyo kabla hujaagiza chochote, chukua futi ya kupimia, pakia watu wanne na tangi lililojaa, ulaze tumbo chini upime sehemu iliyo karibu zaidi na ardhi. Kwenye Golf Mk5, yaani kizazi cha tano, mara nyingi utakuta ni kinga ya chini ya injini au mdomo wa bampa. Kisha nenda kapime tuta baya kuliko yote unayopita kila siku. Ukitoa hesabu hiyo ndipo utajua una milimita ngapi za kuchezea. Mimi nilikuwa nimeota kushuka 60. Futi ikaniambia 30, tena kwa heshima.

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe. Koilova ni shokapu na springi vilivyofungwa pamoja, na mwili wa shokapu una nyuzi kama za bolti ili kikalio cha springi kipande na kushuka. Kwenye GTI ya kizazi cha tano hilo ni kweli kwa mbele tu. Nyuma springi imekaa peke yake juu ya mkono wa chini, kile chuma kinachoshika gurudumu, na shokapu iko pembeni, kwa hiyo kit inakuja na kikalio chenye nyuzi kwa ajili ya springi, na shokapu fupi ikiwa peke yake. Usishangae ukifungua boksi ukakuta nyuma haifanani na mbele, hukuibiwa. Shangaa pale utakapozungusha kikalio cha nyuma milimita 10 na gari likashuka zaidi ya 10. Springi iko katikati ya mkono na tairi liko mwishoni, kwa hiyo kila unachofanya kwenye springi kinaongezeka kikifika kwenye tairi.

Sasa namba, maana hapa ndipo watu wa "kata springi tu, kaka" wanapopotea. Ugumu wa springi mara nyingi huandikwa kwa kilo kwa milimita, yaani kilo ngapi zinaibonyeza milimita moja. Chukulia kona moja ya mbele inabeba kilo 360. Springi laini ya 3 itabonyea milimita 120 gari likiwa limesimama tu. Ya 6 itabonyea 60. Ukikanyaga tuta na uzito ukaongezeka kwa ghafla kilo 180, laini itaenda milimita 60 nyingine na ngumu itaenda 30. Gari lililoshushwa limeshapoteza sehemu ya nafasi hiyo ya kubonyea. Ukibaki na springi laini, au ukiikata, shokapu itafika kwenye raba ya kikomo kila tuta, na raba ikiisha, chuma kitagonga chuma. Kwa hiyo ugumu wa koilova haukuwekwa kwa ajili ya sifa. Lakini pia usinunue ya 10 kwa sababu ni ya mashindano. Utaumwa mgongo kabla hujafika Kibaigwa, na tairi litakuwa linarukaruka juu ya rasta badala ya kuzishika.

Ukishajua unachotaka, kabla ya kutuma pesa pima unene wa shokapu iliyopo sasa, pale inapozama ndani ya nako, kile chuma kinachobeba gurudumu. Golf hizi zilitoka na aina mbili, za milimita 50 na za 55, na kit ya moja haiingii kwenye nyingine. Muuzaji wa Kariakoo hawezi kulijua hilo kwa kuangalia namba ya usajili, na mzigo ukishapandishwa basi la Dodoma, kuurudisha ni kazi nyingine. Agiza pamoja nayo maunti za juu, yaani vishikizo vya shokapu kwenye bodi, na bearingi zake, kwa sababu za zamani zikifunguliwa baada ya miaka kumi na tano hazirudi kimya. Agiza pia bolti mpya. VW hutumia bolti nyingi za kuvutwa, yaani unakaza kwa toki (nguvu iliyopimwa) halafu unaongeza robo au nusu mzunguko, nyuzi 90 au 180 za pembe, na bolti ikishavutwa mara moja haifai kurudishwa. Fundi aliyekulia kwenye Toyota atakwambia bado nzima. Kwa macho, ndiyo.

Koilova za mtumba kutoka Japani zinaweza kuwa nafuu kweli, ila zungusha kila pete ya kikalio kwa mkono kabla hujalipa. Pete iliyoganda kwa kutu maana yake umenunua shokapu ya kimo kimoja. Bonyeza shafti mpaka mwisho, iache irudi yenyewe taratibu, na pitisha kidole pale inapotokea: kikitoka na mafuta, mwachie mwenyewe.

Siku yenyewe, kabla jeki haijagusa gari, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, kwenye sakafu iliyonyooka, tangi likiwa nusu. Langu lilikuwa milimita 355 mbele kushoto na 351 kulia. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Andika kwenye karatasi, si kwenye simu ya fundi. Piga chaki au rangi kwenye bolti za kurekebisha pembe za nyuma, zile zenye duara lisilo katikati, ili gari liweze angalau kujiendesha hadi kwenye alaimenti, yaani kupangwa pembe za magurudumu.

Vifaa vya kawaida vya gereji zetu havitoshi. Utahitaji biti za nyota zenye ncha kumi na mbili, spana ya toki, stendi za kuaminika (jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika mbili), na ile biti bapa ya kupanulia nako. Nako ya Golf imepasuliwa kwa nyuma na inaibana shokapu kama mkono ulioshika mchi. Unaingiza biti kwenye ule mpasuko, unaizungusha robo, inaachia. Nimeona watu wakipigilia tindo pale. Nako ikichanika, hesabu yako yote ya kit imeongezeka.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye kuchambua shokapu ya zamani ili kutoa maunti au sahani yake. Nati ya juu haifunguliwi mpaka springi iwe imebanwa kwa kifaa chake, pande mbili, sawasawa, na uione inacheza kwenye kikalio. Springi iliyobanwa kwa waya au kamba ikiponyoka haina cha kukuambia samahani. Na kwenye kufunga koilova mpya, mashine ya upepo isiguse nati ya shafti. Inazungusha shafti kwa kasi ndani ya sili, na shokapu inaanza kuvuja kabla haijafika Mtumba, kule Mji wa Serikali.

Halafu kuna jambo la bushi, ambalo mimi nililipia. Mara ya kwanza gari lilifungwa kwenye gereji moja hapa mjini, na kila bolti ikakazwa gari likiwa hewani, matairi yananing'inia. Kila kitu kilionekana safi. Baada ya miezi mitatu nikaanza kusikia kitu kinalia nyuma kama mlango wa stoo, kuangalia, raba za mikono ya chini zimechanika. Sababu ni rahisi: bushi za aina hii hazizunguki, zinajisokota. Ukizikaza mkono ukiwa chini kabisa, gari likitua tu raba tayari imesokotwa, na inaendesha maisha yake yote katika hali hiyo. Kinachotakiwa ni kulegeza, kuinua mkono kwa jeki mpaka kipimo cha rimu na fenda kifike kile unachokitaka, ndipo ukaze kwa toki. Mwambie fundi wako mapema, kabla hajashika spana. Ukimwambia baadaye atakwambia ameshakaza, na ni kweli.

Kimo ndicho kinatangulia, kliki (kitufe cha kurekebisha ugumu wa shokapu) baadaye. Weka nyuzi sawa kushoto na kulia, shusha gari, lisogeze mbele na nyuma, lipige matuta kadhaa, ndipo upime. Springi mpya hukaa zaidi kidogo baada ya kilomita mia chache, kwa hiyo usihangaike na milimita tatu siku ya kwanza. Ukimaliza, funga pete mbili zikibanana na uchore mstari wa rangi juu yake. Kwa kliki, zungusha taratibu hadi ugumu wa mwisho bila kulazimisha, kisha hesabu kurudi nyuma mpaka katikati. Gari likiendelea kunesa baada ya tuta, ongeza moja. Likizidi kuzama kadiri unavyopita kwenye vumbi lenye mawimbi, punguza, kwa sababu springi inakosa muda wa kurudi kabla ya wimbi linalofuata.

Grisi kwenye nyuzi za nje usipake. Vumbi la huku likikutana na grisi linageuka msasa. Piga brashi kavu, osha kwa maji, kisha nta nyembamba.

Alaimenti fanya baada ya wiki mbili za kukaa, ila ile ya kuokoa tairi, yaani mwelekeo wa magurudumu, ifanye siku hiyo hiyo. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote, watu wakiwa ndani, usikilize kama tairi linagusa plastiki. Elekeza taa upya pia; na kama gari lako lina taa za zenoni zinazojipanga zenyewe, vile vijimkono vya sensa vilivyounganishwa na mikono ya kushoto vitahitaji kompyuta. Kama una bima kubwa, ijulishe kampuni yako kwa maandishi.

Shokapu na springi za zamani usimwachie fundi. Wangu alizitaka siku ile ile, eti za jirani yake mwenye Golf. Nilizifunga kwenye gunia nikaziweka chini ya kitanda cha wageni, na Februari, lori lilipokata korongo langu mpaka gari lililoshushwa halipiti, nilizirudisha kwa wiki tano.