Ninavyoshusha trigliseraidi hapa Wete

Karatasi ya maabara ilionyesha 310. Kawaida ni chini ya miligramu 150 kwa desilita. Trigliseraidi ni mafuta ya damuni: asidi tatu za mafuta zilizoshikana na gliseroli. Mwili huyaweka akiba, na usiku tumbo likiwa tupu huyachoma yakawa nguvu. Tunayahitaji. Taabu ni yakizidi, maana ini hugeuza hata sukari ikawa mafuta. Ukifika 500, kongosho linaweza kuvimba. Muone daktari upesi.

Kabla ya kupima, funga kula kwa muda wa saa 9 hadi 12, maji tu.

Kisha anzia kwenye chai, jamani! Mimi nilikuwa natia vijiko vinne kila kikombe, vikombe vitatu kwa siku. Nikapunguza kijiko kimoja kila wiki, nikazidisha hiliki na mdalasini, ulimi ukazoea. Kaimati na mkate wa kumimina nimeviwekea Idi. Wali nusu sahani, mboga zijae. Samaki aina ya vibua wana mafuta mazuri: wachome kwa mkaa au wapike mchuzi wa ndimu, usiwakaange.

Baada ya alasiri, tembea nusu saa, kila siku.