Somo: Kukokotoa umbali na muda wa ndege, Nairobi hadi New York

Tiketi ikisema ndege inaondoka Nairobi 23:30 na kufika New York 06:30, wengi hutoa moja kwa moja, wakapata saa 7. Safari hiyo ni ya saa 15, na mzazi mzee anayesafiri anastahili kuambiwa hivyo mapema. Nimeichagua njia hii kwa sababu Kenya Airways ilianza kuiruka bila kutua njiani tarehe 28 Oktoba 2018.

Hatua ya 1: Umbali. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, maana ramani bapa huipotosha dunia. Chukua tufe la dunia, kaza uzi kutoka Nairobi hadi New York. Utauona ukipanda kaskazini-magharibi, ukivuka Sahara, ukitokea Morocco na kukata Atlantiki. Ni takriban kilomita 11,830. Ndege yenyewe huruka zaidi kidogo, kwa kuwa hufuata njia za anga ilizopangiwa na hukwepa dhoruba na maeneo ya vita.

Hatua ya 2: Muda. Boeing 787 huenda kama kilomita 900 kwa saa hewa ikiwa tulivu. 11,830 ÷ 900 ni saa 13 na kidogo. Ongeza nusu saa ya kupaa, kushuka na kutembea uwanjani. Halafu kuna upepo wa mbele, unaoifikisha safari kwenye saa 15.

Hatua ya 3: Saa za miji. Hapa twende taratibu. Kila saa iliyochapishwa kwenye tiketi ni ya mji husika. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 8. Hupungua kuwa 7 Wamarekani wanaposogeza saa zao, kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kenya haisogezi. Kwa hiyo shika saa ya Nairobi hadi mwisho wa safari, ndipo ugeuze: 23:30 (saa tano na nusu usiku) ukiongeza 15 ni 14:30 kesho yake. Toa 8, unapata 06:30, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi kule.

Maswali

*Mbona kurudi ni saa 14 tu?*
Juu huko, hasa Atlantiki ya kaskazini, pepo kali huvuma kutoka magharibi. Ukienda unapambana nazo, ukirudi zinakusukuma.

*Mwalimu, dunia si inazunguka? Ndege ingeelea tu, New York ije yenyewe.*
Hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Ikielea, itabaki juu ya Nairobi.

*Yangu inapitia Doha, wameandika saa 24. Ni kweli?*
Inawezekana kabisa. Njia hiyo inazidi kilomita 14,000, na muda huo unajumuisha kungoja Doha. Kabla ya kununua, angalia utangoja saa ngapi, maana bei nafuu mara nyingi huja na kungoja kwingi.

*Binti yangu anatoka New York saa saba mchana, Desemba, moja kwa moja. Nimpokee saa ngapi?*
Saa saba mchana kule ni saa tatu usiku Nairobi. Ongeza 14: atatua saa tano asubuhi kesho yake. Pasipoti na mizigo huchukua muda, kwa hiyo saa sita kasorobo uwe mlangoni. Siku hiyo ifuatilie ndege kwa namba yake, kwani upepo huweza kuiwahisha.