Kisasi: vile unafaa kulitumia hili neno usijichanganye

Juzi kwa matatu natoka Kongowea naelekea town, kijana mmoja yuko kwa simu amekasirika kwelikweli, amwambia mwenzake "yule ntamrudi tu, ngoja". Mama mmoja mtu mzima akageuka akamuuliza, kwani yule ni mwanao? Manake kumrudi mtu ni kumkanya, kumtia adabu, vile mzazi humrudi mtoto akikosea. Alichotaka kusema kijana ni kulipiza kisasi, na nimeona watu wengi hapa Mombasa wanalijua neno lenyewe lakini likifika kwa sentensi linawatoka vibaya, na mimi inaniuma kwa sababu ni neno zito sana.

Kisasi ni kumrudishia mtu ubaya aliokufanyia. Asili yake Kiarabu, qisas, na kule mzizi wake una maana ya kufuata nyayo na pia kukata, ndio kutoka mzizi huohuo tukapata kisa (unafuata habari hatua kwa hatua) na hata mkasi. Kwa sheria ya Kiislamu kisasi kina kipimo, ni sawa kwa sawa, huzidishi, na wenye damu, yaani jamaa wa aliyeuawa, wakitaka wanaweza kusamehe au kuchukua dia, yaani malipo ya damu. Sisi mtaani tumelipanua, mtu akikanyagwa mguu akaenda kuvunja dirisha la mwenzake tunasema kalipiza kisasi, hapo kipimo kishapotea zamani lakini neno ni lilelile.

Sasa kitenzi, hapa ndio penye kazi. Waweza kusema kulipa kisasi ama kulipiza kisasi, zote ziko sawa ila lipiza ndio yenye nguvu zaidi. Usichanganye na lipisha. Makanga wa matatu akikutoza soo, yaani shilingi mia, badala ya hamsini, huyo kakulipisha. Ukimvizia kesho yake umfanyie ubaya, hapo umemlipiza kisasi. Zote mbili zatoka kwa lipa lakini zimeachana njia.

Halafu ukiongeza ile i, lipizia, kuwa makini. "Alimlipizia kakake kisasi" wengi wataelewa kakake ndiye aliyeonewa na huyu akamtetea, lakini kuna watu huitumia hivyohivyo wakimaanisha kakake ndiye aliyefanyiwa hicho kisasi, kwa hivyo msomaji anabaki anajiuliza nani kamuumiza nani. Mimi nikiandika nanyoosha kabisa: "alilipiza kisasi cha kakake" kama alimtetea, na "alimlipiza kisasi kakake" kama alimgeukia yeye. Ukiwa wewe mwenyewe ndiye ulieumizwa, umejilipiza kisasi, hii utaisikia sana kanisani, msijilipize kisasi.

Ngeli ni ki-vi, haina shida: kisasi changu, visasi vyao, kisasi kimelipizwa. "Kisasi yangu" hapana jamani.

Matumizi mengine ni mepesi. Kwa habari utasikia mashambulizi ya kulipiza kisasi. Kwa mpira ni mechi ya kisasi, mfano timu yetu ya Bandari wamefungwa kule ugenini sasa wanarudiana na walewale hapa nyumbani, uwanja wa Mbaraki, hapo hakuna damu, ni raha tu. Dawa ya moto ni moto husemwa na anayetaka kulipiza, usimtarajie mpatanishi aseme hivyo.

Na si kila uchungu ni kisasi. Mtu akikuwekea jambo moyoni asikufanye kitu, hicho ni kinyongo. Ukienda kortini ukalipwa hasara yako, hiyo ni fidia, na ukiiita kisasi unamkosea mtu aliyefuata haki yake kwa njia nzuri, hili nalisisitiza kwa sababu nimesikia mjane akiambiwa analipiza kisasi na yeye anadai kiwanja chake tu. Kuna neno jingine la zamani, kumpatiliza mtu, yaani kumshikia kosa lake mpaka umuadhibu kwalo, ni zuri sana na vijana wamelisahau.

Mwisho tahajia: s mbili, kisasi. "Kulipiza kizazi" naiona kila siku, na kizazi ni watu wa rika moja ama tumbo la uzazi la mama, hicho hakilipizwi.