Gemu ya mtumba haina kaseti? Iwashe hivyohivyo

Umekutana na gemu ya zamani kwenye mitumba, muuzaji hana kaseti hata moja, anakwambia "bosi inawaka hiyo, taa si unaiona". Sasa usilipe haraka na usiondoke pia, mwambie aiwashe bila kaseti, kuna mashine zinajisema zenyewe kama ni nzima au la.

Ila umeme kwanza jamani. Mashine iliyotoka Marekani mara nyingi adapta yake ni ya volti 120 na kwenye soketi zetu kuna 230 au 240, ukichomeka tu umeshaiua, kwa hiyo soma yale maandishi madogo kwenye adapta kabla hujagusa kitu, ikiwa ni 120 peke yake tafuta transfoma ya kushusha.

Game Boy ile ya kwanza, gemu ya mkononi ya Nintendo ya 1989, ndiyo rahisi kuliko zote. Tia betri 4, washa. Kwa kawaida jina la Nintendo linashuka kutoka juu, sasa bila kaseti kinachoshuka ni kipande cheusi tii, kinafika katikati ya kioo, inalia ting, halafu inaganda hapohapo. Wengi wakiona hivyo wanasema kioo kimekufa, na muuzaji naye anaamini anashusha bei (usimkatalie haha). Ukweli ni kwamba mashine hiyo ni nzima. Ile picha ya jina inasomwa kutoka kwenye kaseti, baiti 48 tu, mashine inaichora kisha inailinganisha na nakala yake iliyo ndani, zisipofanana inagoma kuendelea. Kaseti haipo basi inasoma utupu, na utupu kwake unatoka mweusi. Kitu cha kuangalia kwa makini ni kile kipande chenyewe: kama kina mistari myeupe imekipasua kutoka juu hadi chini, hapo kweli kioo kina shida. Na siku ukiweka kaseti jina likashuka limechakaachakaa kama limetafunwa na panya, hapo ni uchafu tu kwenye meno ya kaseti, yaani vile vyuma vyake vinavyogusana na mashine.

NES, mashine ya Nintendo ya kuunga kwenye TV, ile ya kufungua mlango mbele, nayo ina vituko vyake. Bila kaseti taa nyekundu inawaka inazima kama mara moja kwa sekunde na kioo cha TV kinafuata mdundo huohuo. Hapo haijafa, ndani kuna chipu ya ulinzi inayotafuta mwenzake kwenye kaseti, isipompata inairudisha mashine mwanzo, tena na tena na tena. Sasa ikitulia bila kupepesa usishtuke, mafundi wengi hukata mguu namba 4 wa hiyo chipu ili isisumbue, na ile NES ya 1993 ya kuchomeka kaseti juu haina chipu hiyo kabisa. Ila ikipepesa na kaseti ikiwa ndani basi meno hayashikani vizuri, ya kaseti au ya mashine yenyewe.

SNES, mdogo wake NES, na Mega Drive ya Sega hazina maneno, taa inawaka, kioo cheusi, basi. Hapo hujajua kitu, azima kaseti kwa mtu urudi nayo.

Kwa mashine zinazoungwa kwenye TV kwa waya wa antena tafuta chaneli kwanza, NES ya Marekani ina kiswichi nyuma cha 3 au 4. Chenga zikiendelea TV haijapata kitu, lakini chenga zikikatika ghafla ukaona rangi moja imetulia, mashine inatuma picha, ni tupu tu.

Master System, nyingine ya Sega, nyingi zina gemu humohumo ndani, za mwanzo ukishika mshale wa juu wa padi pamoja na kitufe 1 na 2 wakati inawaka anatokea konokono kwenye vichochoro vyake, unacheza bure kabisa.

Ukiridhika lipa, na nyumbani zima mashine kabla ya kuchomeka kaseti yoyote. Najua wote tumekua tunapuliza, mimi pia, ila mate yanaleta kutu, chukua pamba na spiriti kidogo, sugua meno, acha yakauke dakika kadhaa ndiyo uchomeke.