Moto wa kuota kwenye uwanja wa kazini: namna ya kuupanga usilete maafa

Juni na Julai ni miezi ya baridi kali Mafinga, Njombe na Mbeya. Jioni ya sherehe ya wafanyakazi watu hutaka nyama ichomwe na moto uwashwe waote. Shida ni kwamba baridi hiyo huja katikati ya kiangazi: majani yamekauka, upepo unavuma, na mashamba ya misindano hayako mbali na uzio.

Kabla ya kutafuta kuni, teueni mwenye moto. Awe mtu mmoja, jina lake liandikwe, na awe na mamlaka ya kusema "leo hauwashwi" hata kama mgeni rasmi ameshafika. Siku hiyo hanywi pombe. Kazi yake inaanzia kwenye kuchagua mahali na inaisha jivu likishapoa, siku ya pili. Kamati peke yake haifai kwa kazi hii, kwa sababu kila mjumbe hudhani mwenzake ndiye anayeangalia. Mpeni wasaidizi wawili wa kupokezana.

Wiki mbili kabla, pelekeni barua kwenye kituo cha karibu cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, mkitaja siku, saa na mahali, na nakala iende serikali ya mtaa. Someni pia mkataba wa bima ya majengo; moto wa wazi unaweza kuwa na masharti yake.

Mahali

Pimeni kwa futikamba, msikadirie kwa macho. Mita 20 kutoka jengo, uzio wa mbao au magari. Mita 50 kutoka tangi la dizeli, jenereta, mitungi ya gesi na stoo ya rangi. Kisha tazameni juu: pasiwe na waya wa umeme wala tawi. Ulizeni pia kilichopo chini, kwani bomba la plastiki, kebo na shimo la maji taka havionekani.

Msiwashe juu ya zege. Maji yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke, na vipande hupasuka na kuruka kwa nguvu. Mawe ya mtoni hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo msiyatumie kuzungushia moto. Kwanguni majani hadi udongo mtupu, mita 3 kila upande, na mfyeke yabaki mafupi hadi mita 10. Chimbeni shimo la sentimita 20 hadi 30. Mkikuta mzizi mnene, hamieni kwingine: mzizi huweza kufukuta chini kwa chini siku kadhaa na kuibuka mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Kuni

Moto wa kuota usizidi mita 1 kwa kimo na mita 1 na nusu kwa upana. Mizigo minne au mitano ya kichwani ya kuni kavu inatosha kwa saa tatu, maana mtaongeza kidogo kidogo. Miwati huwaka kwa utulivu na kuacha makaa mazuri. Misindano ina utomvu unaolipuka na kurusha cheche, na milingoti ina mafuta yanayopasuka. Itumieni kwa uchache, ikiwa imekauka kabisa.

Takataka za kiwanda zisiingie motoni kamwe. Hatari zaidi ni vipande vya nguzo za umeme vyenye rangi ya kijani, ambavyo watu huviona kuni za bure. Ukijani huo unatokana na dawa yenye shaba, kromu na aseniki. Moshi wake ni sumu, na jivu lake pia.

Kuwasha

Wekeni vibanzi vikavu na karatasi, halafu kuni nyembamba, kisha nene. Petroli hapana, hata kizibo kimoja. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa ardhini kufuata mteremko. Muda wa kutafuta kiberiti tu unatosha ukufikie miguuni, na njiti ikiwaka unawaka nao.

Pimeni upepo kwa macho saa moja kabla, na tena wakati wa kuwasha. Majani ya mti yakitikisika tu, endeleeni mkiwa macho. Vumbi na makaratasi yakianza kuinuka, upepo umefika kama kilomita 20 kwa saa: ahirisheni.

Wakati wa sherehe

Fungeni kamba mita 5 kuzunguka moto; ndani yake anaingia mwenye moto na wasaidizi wake tu. Viti viwe upande unakotoka upepo. Nguo za nailoni na polista huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, basi waambieni watu mapema wavae pamba au sufu. Nyama ichomwe kwenye jiko lake, mbali na moto huu.

Karibu na kamba wekeni pipa la lita 200 lililojaa maji, ndoo nne, mpira uliokwisha jaribiwa, mchanga, koleo na blanketi zito la sufu. Mtungi wa kaboni dayoksaidi wa chumba cha kompyuta haufai hapa: haupozi kuni, na unaweza kupeperusha makaa. Geti la gari la zimamoto liwe wazi, funguo ziwe kwa mwenye moto. Namba ya dharura ni 114.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala yai.

Kuzima

Acheni kuongeza kuni saa moja kabla ya mwisho. Tawanyeni vijinga, mwageni maji, koroga kwa koleo, mwageni tena. Sogeza mgongo wa kiganja karibu na jivu bila kuligusa. Ukihisi joto, rudia. Kufunika kwa udongo tu ni kosa, kwani makaa hubaki hai chini yake hadi kesho. Mwenye moto abaki saa nzima baada ya kuzima, halafu amkabidhi mlinzi kwa maandishi.

Na amwambie mlinzi waziwazi asichukue makaa kwenda kuota kibandani. Kibanda kilichofungwa hujaa gesi ya kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu, na mtu hufa usingizini. Mpeni blanketi la pili na chupa ya chai ya moto kabla hamjaondoka.