Usimrukie na aya, mrudishie neno lake

Juzi barazani, Jaws Corner ya Mji Mkongwe, Unguja, kahawa chungu mkononi, mwenzetu mmoja kasema taratibu: "Tangu mama afariki, nikisali naona kama nasema na ukuta." Hapo hapo watatu wakamrukia: huyu na aya, huyu na hadithi, wa tatu kamwandikia na dua ya kusoma alfajiri. Yakhe akamalizia kikombe chake, kimya. Gumzo likarudi kwenye mpira.

Baada ya Isha nilimfuata. Sikumpa nasaha, nilimrudishia neno lake tu: "Kama unasema na ukuta?" Nikanyamaza. Kimya kile kizito, hasa kwetu tuliozoea kujibizana, lakini usikivunje. Kumbe shaka yake haikuwa juu ya Mungu. Hajapata kulia tangu maziko, kila mtu anamwambia "subiri".

Ukiwa na la kusema, omba ruhusa: "Nikwambie ninavyoona, au nikusikilize tu?" Na pakiwa na watu wengi, mwambie mwende Forodhani mkapunge upepo. Mkitembea sambamba, bila kukaziana macho, maneno hutoka kwa wepesi.