Unapima floraidi ya asili visima vya Arusha? Anza na mwamba, chupa baadaye

Watu wa Meru hawahitaji labu kujua maji yao yana floraidi, meno ya kahawia yanasema yenyewe. Ila ukipewa kazi ya kufuatilia maji ya chini ya ardhi mkoa mzima, meno hayatoshi, unataka namba za mwaka hadi mwaka. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na huku kuna chemchemi zinakipita mara kadhaa.

Cha kwanza, panga visima kwa mwamba, sio kwa kata. Visima viwili vinaweza kuwa jirani kabisa, kimoja kinanyonya kwenye majivu na tope la zamani la volkano, kingine kwenye lava, na majibu yakawa mbingu na ardhi. Tafuta ripoti ya mchimbaji, ulizia kwa mwenye kisima au ofisi ya maji ya bonde, Pangani wako Moshi, Bonde la Kati wako Singida. Kisima kisichojulikana kina chake kiache tu, hata kama kiko barabarani na mwenyewe anakukaribisha chai. Na kwa kuwa unatafuta hali ya asili, vya karibu na choo, zizi au shamba la mbolea weka pembeni, naitreti (alama ya kinyesi na mbolea) ikiwa juu ndo itakushtua.

Ukifika usikinge maji ya kwanza, hayo yamelala bombani, na usichote kwenye simtank. Washa pampu imwage huku unasoma joto, pH na chumvichumvi kwenye mita mpaka namba zitulie. Kisima kinachotumika kutwa ni fasta, cha shule iliyofunga likizo ndo utakaa hapo mpaka dizeli iishe.

Chupa iwe ya plastiki, floraidi na glasi haziivi. Chuja kwa kichujio cha mikroni 0.45, jaza mbili: ya kupimia vyuma tia asidi ya naitriki kidogo, ya kupimia floraidi usitie kitu. Namba andika kwenye chupa yenyewe, mimi niliwahi kuandika kwenye vifuniko, vikachanganyika, safari nzima ikaenda na maji.

Majibu yakirudi usiyaamini haraka hivyo. Jumlisha chaji chanya na hasi za chumvi zilizoyeyuka, kila upande peke yake, zinatakiwa zilingane, tofauti ikizidi asilimia 5 rudisha labu. Halafu angalia kalsiamu: floraidi ya huku hupanda kwenye maji ya sodiamu yenye kalsiamu kidogo, ukiona zote mbili ziko juu sana, kuna mtu kakosea mahali. Kwa kila mwamba tumia namba ya katikati badala ya wastani, maana chemchemi moja ya upande wa Momella inaweza kukuburuzia hesabu yote. Kiangazi na baada ya masika, rudi visima vilevile.

Na mwenye kisima mpe majibu yake, mwambie na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki, tena akitia magadi kwenye maharage anaiongeza.